Mama na mtoto wa viazi

Jamani, leo mama yangu amembeba mgongoni mtoto ambaye si mtoto!

Tulikwenda kuwaona dubu waliookolewa, huku nje ya jiji la Louisville, Marekani. Nilitaka kumwomba dada anayewatunza nafasi ya kujitolea. Nilikuwa nimepiga pasi hadi soksi.

Langoni kibao kilisema mifuko ibaki garini.

Mama akatii. Akahamishia viazi vitamu alivyowaletea dubu kwenye kitenge, akavifunga mgongoni.

"Mama, tafadhali!"

"Wamekataza mifuko tu. Hawa dubu wamehamishwa kutoka kwao kama sisi. Nani humtembelea mgeni mikono mitupu?"

Dada mtunzaji akaja akinyata. "Amelala? Naweza kumwona?"

Kabla sijajibu, kiazi kimoja kikadondoka miguuni pake.

(Nilitamani niwe dubu, nijifiche pangoni.)

Ikabidi nimtafsirie maneno yote ya Mama. Dada akavipokea viazi kwa mikono miwili, akavikagua, akampelekea dubu mmoja mzee. Hayakubaki hata maganda!

Hapo nikapata ujasiri wa kuomba nafasi yangu.

"Njoo Jumamosi," akasema, "lakini uje na mama yako."

Sasa Mama anasema atafikiria kama anichukue.

Nisaidieni kumbembeleza!