Saumu, mpima muvi za kutisha aliyeutambua mkono wa 'jini' wa Kwai

Ulicheka. Usigeuze ukurasa, na usijifanye unatafuta matokeo ya mpira. Klipu ya sekunde kumi na tisa ilikufikia kwenye simu: ukungu, kichaka kinachotembea kwa miguu miwili, mkono mkavu unachomoza ndani ya majani, muungurumo, kijana anatimua mbio mpaka kandambili zinabaki nyuma. Ukamrushia shemeji yako, naye akacheka. Hakuna kati yenu aliyeuliza ule mkono ni wa nani.

Mtu mmoja aliuliza. Leo kibanda chake hakina wateja.

Saa moja na nusu asubuhi, Saumu Hashimu anafungua kufuli mbili za kibanda chake jirani na soko la Lushoto. Ukungu bado umelala juu ya mabati. Kabla hata ya kuwasha kompyuta, anatoa kalamu ya wino mzito, anakata ubavu wa boksi la sabuni na kuanza kuandika akiwa amesimama, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Kadi anayoitundika mlangoni inasomeka hivi: "Blanketi 1, meno 5. Mzimu amevaa saa ya mkononi na saa inakwenda sawasawa. Damu ni nyanya ya kopo. Mwenye njaa asiangalie."

Hiyo ndiyo kazi yake. Anaingiza muvi kwenye flashi na memori kadi kwa shilingi 500 moja, lakini kilichompa jina ni kadi za mlangoni. Anapima filamu za kutisha na kuchekesha zinazotengenezwa kwa bei ya kuku wawili, nyingi zikiwa za vijana wa huku milimani na kule chini barabarani Mazinde. Blanketi ni kipimo cha hofu. Blanketi moja unaangalia umejifunika mabega tu, tatu umejifunika mpaka kichwa. Meno ni kipimo cha kicheko.

"Hizi muvi watu wanazidharau, mimi siwezi," anasema. "Mtu hana taa, hana kamera ya maana, jini lake ni binamu yake aliyepakwa unga. Lakini akikushtua, umeshtuka. Akikuchekesha, umecheka. Hapo hakuna ujanja."

Saumu ana miaka 37. Alizaliwa Mgwashi, akaishia darasa la saba. Alianza kwa kukata tiketi kwenye banda la video, ambako watu walikuwa wakitoka katikati ya muvi na kumdai yeye hela zao. Akaona bora awaambie mapema. Kwa miaka kumi na minne ameandika kadi zaidi ya 600. Za zamani amezihifadhi kwenye magunia mawili chini ya meza, na ukimtajia muvi ya mwaka 2013 anakumbuka nani alikufa wa kwanza na nani alisahau kubaki amekufa.

Miezi miwili iliyopita, dereva wa bodaboda akipita hapo ilikuwa lazima asimame.

"Dada Saumu, nipe ya kutisha, ila mke wangu asije akahamia kwa mama yake."

"Blanketi mbili, meno manne. Akihama, si muvi, ni wewe."

Siku hizi wanapita moja kwa moja.

Ana utaratibu mmoja ambao wenye muvi hawaupendi. Kila muvi anaiangalia mara mbili, na mara ya kwanza anazima sauti kabisa. "Muvi ya bei ndogo inajificha kwenye muziki," anasema. "Ngoma ikipigwa, hata mbuzi anatisha. Zima sauti, utaona mbuzi." Pia haondoki kabla ya maandishi ya mwisho kupita yote. "Pale ndipo watu wanaposema nani alifanya nini. Nyie mnainuka mnatafuta viatu. Mimi nasoma."

Ndivyo alivyoiangalia *Jini Majani*, filamu ya dakika 48 ya kijana mmoja anayeitwa Tobia. Kisa chake ni chepesi. Wezi wa kabeji wanapotea kwenye ukungu, na jini lisilo na uso linawafuata mmoja mmoja. Nusu ya kwanza Saumu alicheka mpaka akalegeza kitambaa cha kichwa. Kisha ikafika ile sehemu unayoijua wewe.

Bila sauti, hakuona jini. Aliona mtu mzima amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, yale ya gwatemala wanayopanda kwenye kingo za matuta, yamemfunika mpaka mabegani. Mundu ameuchomeka kiunoni. Aliona mtu huyo anasogea pembeni ya njia, anasimama, halafu ananyoosha mkono.

"Nikairudisha. Nikairudisha tena. Nikajiuliza, jini gani anapisha watu njiani?" anasema Saumu. "Halafu nikauangalia ule mkono. Haukamati. Kiganja kiko chini, vidole vimelegea. Huo ni mkono wa mkubwa aliyeamkiwa, anaitikia. Kila mtoto wa huku anaujua mkono ule. Ameukimbilia tangu alipojifunza kutembea."

Kesho yake alifunga kibanda, akapanda bodaboda mpaka Kwai, kijiji ambacho njia ile aliitambua kuwa yake, na kuanza kuulizia nani hukata majani kwenye njia ile. Hakuulizia sana. Watoto walimwonyesha nyumba kwa mbali, kisha wakakimbia.

Mwenye nyumba ni Bibi Sesilia Stephano, mjane wa miaka 71, Mlutheri, mama wa ng'ombe mmoja na ndama wake. Sisi tulipofika, naye Saumu akitangulia, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na ndoo ya maziwa miguuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja tena? Na hawa nao wamekuja kunipiga picha?"

"Hawa wanaandika tu, bibi."

"Hata wale walikuwa na karatasi."

Anasimulia polepole. Vijana watatu walikuja asubuhi, wakamwambia wanatafuta picha za mfugaji bora. Wakampa karatasi, akaweka dole gumba, akidhani ni mambo ya kupandikiza ng'ombe mbegu, kwa sababu watu wa mbegu nao huja na karatasi. Wakamwomba apite njiani na mzigo wake kama kila siku.

"Nikapita. Wakaniamkia, vijana wa heshima kabisa. Nikasema hawa wamelelewa. Nikawapa mkono." Anautazama mkono wenyewe. "Sasa mtoto wa jirani akiuona huu, analia."

Maziwa yake, lita nane kwa siku, hayanunuliwi tena. Mchukuzi aliyekuwa akipita kila asubuhi anapitia njia ya juu. Kanisani benchi lake lina nafasi pande zote mbili. Wiki mbili zilizopita alikuta majani yake kwenye tuta zima yamefyekwa na kuachwa yakauke, mtu hakuyachukua hata kwa wizi. Hayo yote, katika kijiji ambacho kila mwanamke mwenye ng'ombe hubeba mzigo uleule, kwa njia ileile, na uso umefunikwa vilevile.

Jiulize basi kwa nini yeye. Saumu alijiuliza, akarudi kwenye maandishi ya mwisho ya filamu, yale yanayopita wakati unatafuta viatu. Baada ya wapishi, baada ya aliyeazimisha tochi, kuna mstari huu: "Aliyetutafutia mandhari na mhusika: Alen, Kwai."

Alen ni mtoto wa shemeji yake Bibi Sesilia. Mwanzoni mwa mwaka alimwomba bibi amwachie shamba la chini, lile linalopakana na kijito, alime pilipili hoho. Bibi akakataa. Sasa Alen ndiye aliyeomba kikao cha kitongoji Jumamosi hii saa nne asubuhi. Hoja yake ni kwamba bibi ahamishiwe kwa binti yake Mazinde, "kwa usalama wake".

Tulimpata kwenye shamba lake la karoti. Hakuacha kupalilia.

"Mimi niliwaonyesha njia tu. Kuonyesha njia ni kosa?"

Shamba la kijito atalima nani, bibi akihama?

"Hilo ni la ukoo. Nyie mambo ya ukoo yanawahusu nini?"

Gazeti hili halisemi Alen alipanga. Linasema jina lake lipo mwishoni mwa filamu, ombi lake lipo kwenye kikao, na jembe lake liko mita mia mbili kutoka kwenye kijito. Wewe unganisha mwenyewe, au endelea kutazama pembeni kama ulivyozoea. Maana hili neno "usalama" tumelisikia. Mwaka 2006 mjane mmoja wa ng'ambo ya bonde alihamishwa kwa usalama wake. Mwaka 2014 mwingine. Wote wawili waliandikiwa aya mbili ukurasa wa ndani, na mashamba yao hayakukaa msimu mmoja bila mkulima mpya. Hakuna aliyerudi. Hakuna aliyeulizwa.

Tobia mwenyewe, mtengenezaji wa filamu, alikuja kibandani kwa Saumu siku kadi yake ilipotundikwa. Waliokuwepo wanasema alianza kwa utani.

"Dada, umenipa sifuri? Hata jirani aliyetupigia filimbi ya muvi umempa sifuri?"

"Umeisoma yote?"

"Nimeisoma. Ile ni sanaa, dada Saumu. Watu wamecheka nchi nzima."

"Tobia, ulimwamkia yule bibi au hukumwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akakujibu nini?"

Kijana akatazama nje.

"Akakujibu nini, Tobia?"

"Alisema... marahaba baba."

"Na wewe ukaifuta marahaba yake, ukaweka simba."

Saumu alimwomba vitu viwili: aikate sehemu ile, na ampe picha yenye sauti yake ya kwanza. Tobia aliahidi, kisha akaacha kupokea simu. Siku nne baadaye kadi ilichanwa. Saumu akaandika nyingine, nayo ikachanwa. Wenye mabanda ya video wakamwambia anaharibu biashara ya vijana wa nyumbani. Kuna aliyeeneza kwamba amehongwa na mwenye muvi pinzani. Kuna aliyesema mwanamke anayeangalia majini miaka kumi na minne lazima ana lake jambo. Huoni jinsi kamba inavyorefushwa? Ilianza kwa bibi, sasa imefika kwa aliyemtetea.

Kabla ya kadi ile alikuwa akiingiza kati ya shilingi 8,000 na 12,000 kwa siku. Siku tuliyoshinda naye, waliingia watu watatu tu. Mmoja, Mzee Abrahamu, fundi saa wa kibanda cha pili, hakutaka muvi.

"Wewe mtoto, itoe ile kadi, upate kula," alimwambia.

"Shikamoo mzee. Niitoe niandike nini?"

"Andika blanketi mbili, yaishe."

"Mzee, mimi nina gunia mbili za kadi humo chini. Hakuna hata moja niliyodanganya. Nikidanganya hii, zile zote zinakuwa takataka."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye saa zake. Jioni tuliona amehamisha kiti chake, amekaa karibu na mlango wa Saumu, mbele ya kadi. Tangu siku hiyo haijachanwa.

Kadi yenyewe ni hii, ya tatu, kwenye ubavu wa boksi la biskuti: "*Jini Majani*. Blanketi 0, meno 0. Huyu si jini. Ni bibi wa Kwai amebeba chakula cha ng'ombe. Ameamkiwa, anaitikia."

Tumaini la Saumu ni dogo na lina saa yake. Jumamosi atapanda Kwai na kompyuta, betri ya pikipiki na shuka jeupe. Ameomba kwa mwenyekiti wa kitongoji apewe dakika mbili kabla ya hoja ya Alen. Atawaonyesha klipu bila sauti. Kisha Bibi Sesilia atasimama pembeni ya shuka, na mzigo wake wa majani kichwani, atafanya alichofanya siku ile. Mwenyekiti hajakataa. Hajakubali pia.

"Mimi siwezi kumwamkia peke yangu watu wakaamini," anasema Saumu. "Bibi atanyoosha mkono mbele za watu. Mkono huo usipopata wa kuupokea, basi Tobia alikuwa sahihi, ule ni mkono wa jini. Nahitaji watu. Nahitaji wale waliocheka."

Anakutaja wewe.

Tobia, sauti ya kwanza unayo. Ipeleke kibandani leo, kadi haina kinyongo na mtu.

Na wewe msomaji, chukua simu yako sasa, kabla hujakunja gazeti hili. Ifute ile klipu. Mwandikie shemeji yako uliyemrushia, umwambie ni nani yule. Kisha Jumamosi, saa nne asubuhi, uwe Kwai. Kama uko Lushoto, Mgwashi au Mazinde, huna kisingizio cha umbali. Ukifika usikae nyuma na wala usitoe hotuba. Nenda mbele ya ule mzigo wa majani, inama, sema shikamoo kwa sauti ya kusikika, na usubiri mkono.

Ukikujia, usikimbie. Ushike.