Giligilani ya Bondeni

"Bibi, mbona giligilani ya kula sisi unachuma nyuma ya jikoni, na ya kuuza unachuma bondeni?"

Renatha alikuwa darasa la nne. Bibi yake, Alistidia, alimtuma kuni ili asimjibu.

Kule bondeni Kitendaguro, majani yalinawiri kando ya mtaro unaoshusha maji machafu ya mjini. Alistidia aliyachovya humo humo yasinyauke, akayapeleka gengeni yakimetameta.

"Ai, waitu! Umeniondolea kazi, naona umeshayaosha," jirani yake Consolata alimtania, kisha akaenda kuyakatia kwenye kachumbari hivyo hivyo.

Siku moja mtoto mdogo wa Consolata, Avit, alianza kuhara. Jumapili haikumkuta hai. Daktari alisema ni uchafu wa kwenye chakula, bila kutaja chakula gani. Consolata hakumshuku mtu. Aliendelea kumsalimia Alistidia kama zamani, na salamu hizo ndizo zilizomkondesha bibi wa watu. Genge akalifunga, bonde likaota magugu.

Renatha alipofika kidato cha tatu, aliuliza tena. Safari hii bibi hakumtuma popote.

"Nilidhani kila mnunuzi huosha, mjukuu wangu. Ila yale ya bondeni, mimi nilikuwa nayaogopa."