Mfano Nilioupeleka Darasani

Mwaka wa pili chuoni nilijiona nimeiva. Kilikuwa chuo kidogo nje ya Louisville, ambako hata sisi wa uchumi wa menejimenti tulilazimishwa kusoma falsafa na kuchora maua, na mimi, Mkongomani pekee darasani, nilikuwa na uchu mbaya wa kusifiwa.

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa kueleza, mbele ya wageni kutoka makampuni, jinsi ya kumbana mtegaji, yule anayekula jasho la wenzake. Wengine walileta mifano ya vitabuni. Mimi nilileta ghala alikofanya kazi mama yangu. Wanawake wetu wa Kivu walikuwa na utaratibu wao pale: kila aliyemaliza vifurushi vyake alichukua skana ya jirani yetu mmoja mzee, kile kifaa kinachomhesabia kila mtu vifurushi vyake, akampigia vichache, maana goti lake lilikuwa bovu na peke yake asingefikisha idadi. Mama alinisimulia hayo jikoni, akicheka, kwa kuwa mimi ni mwanawe.

Nikayachorea grafu. Sikutaja jina, najitetea hivyo hadi leo, na ni utetezi wa kijinga, kwani wangapi pale walikuwa wakichechemea? Tena nilijua fika kwamba mgeni mmoja wa mstari wa mbele alikuwa meneja wa ghala lile lile. Ndiye niliyemtafuta kwa macho. Nilitaka anipe nafasi ya mafunzo ya kazi. Aliandika kitu kwenye daftari lake, nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Haukupita mwezi, ikapigwa marufuku mtu kushika skana ya mwenzake, na yule mzee akaachishwa kazi.

Jumamosi moja akaja kwetu na fomu ya kazi ya kutunza wagonjwa kule Reynoldsburg, anakoishi binti yake.

“Bon, mutoto yangu, weye ndiye ulisoma. Unijazie.”

Tulikwenda vizuri hadi swali la kwa nini aliacha kazi yake ya awali. Mama yangu alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama. Hakunitazama. Nikainama juu ya fomu.

“Andika nilichoka,” mzee akasema. “Donc, bale bamama benye walinisaidia wasipate matatizo.”

Nikaandika kwamba alichoka, nikamwonyesha pa kutia sahihi.