Dishi Nililoligeuza

Nakumbuka siku moja nilipoiharibu picha ya televisheni ya mtu kwa makusudi, mwanangu, na mpaka leo sijajuta. Nakuandikia polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu hauna haraka. Mama yako ameniambia king'amuzi umeshakizungushia kanga ndani ya sanduku, ili ukiwa Muscat uangalie mambo ya nyumbani kama vile hujaondoka. Sikukatazi. Soma kwanza.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, televisheni zikaanza kujaa Kariakoo. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya, nimetoka Newala juzijuzi, nikapata kazi ya kufunga madishi. Ilinifaa, maana juu ya paa hakuna wa kunisemesha. Ila fundi lazima apaze sauti. Mmoja anageuza dishi juu, mwingine anakaa mbele ya kioo chini, wanaitana.

"Vipi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Imekuja!"

Ukizidisha kidogo utasikia, "Imepita, rudisha."

Alikuwepo mteja wetu mmoja, Ramila, mama kijana wa Kihindi aliyeletwa na mumewe kutoka India. Walikaa ghorofa ya juu kabisa, chini yao ni stoo ya magodoro. Dekoda aliibeba kutoka kwao, na kadi alilipiwa na kaka yake hukohuko. Saa yake ya ukutani ilifuata saa za kwao. Mapazia yalifungwa mchana kutwa. Nikifika hunionyesha mvua inavyonyesha kwao kwenye kioo, anatabasamu, na nje Kariakoo jua linachoma. Kiswahili alijua maneno matatu tu, yale yetu mafundi: bado, imekuja, imepita.

Siku hiyo upepo ulikuwa umelisogeza dishi lake. Mwenzangu hakuja, basi Ramila mwenyewe akakaa mbele ya kioo, akawa ananijibu kupitia dirisha la jikoni. Picha ikakamata. Sauti ya tamthilia ikafunguliwa mpaka mwisho, kama kawaida yake.

Ndipo nilipouona moshi. Mweusi, mzito, unatoka stoo ya magodoro na kupanda kwenye ngazi za jengo, na ngazi zilikuwa hizo hizo tu. Chini watu wanapiga kelele, lakini Kariakoo kuna siku watu hawapigi kelele? Nikainama ukingoni.

"Mama, moto! Toka!"

Akanijibu kwa furaha, "Imekuja!"

Nikaita tena. Sauti yangu nyembamba, mwanangu, unaijua. Muziki wa tamthilia ukaimeza. Kushuka kumfuata niliogopa moshi, na kumwacha sikuweza. Nikalishika dishi kwa mikono miwili, nikaligeuza likaangalia barabara.

Kule chini kwenye kioo zikabaki chenga tupu. "Bado!" akaita. Nikanyamaza. "Bado, bado!" Nikazidi kunyamaza. Nikasikia mlango unabamizwa, akapanda kwenye paa kwa hasira, mtoto wake mchanga kiunoni. Akafungua mdomo anikaripie, akauona moshi nyuma yake, ukitoka kwenye mlango aliopitia. Mdomo ukabaki wazi.

Jengo la jirani lilikuwa karibu, ila si karibu ya kuruka. Juu yake Mama Zuhura, mtu wa kusini kama mimi, alikuwa anaanua nguo. Akazitupa.

"We fundi, umesimama kama mlingoti wa bendera? Leta hiyo ngazi yako!"

Nikailaza ngazi ya kazi kutoka paa hadi paa. Ilicheza. Ilibidi niikalie upande wangu na yeye aikandamize kwa magoti upande wake. Akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto, mwanangu. Nipe."

Ramila akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma. Walikuwa wametenganishwa na upenyo mdogo tangu aje nchini, na hakuwahi kumtazama usoni yule mama. Alijua kaka yake kule kwao anakula nini. Jina la mtu aliyekuwa anamwomba mtoto wake hakulijua. Moshi ukatufikia, mtoto akaanza kukohoa. Mama Zuhura hakupiga kelele. Alitulia, mikono imenyooka, akimtazama machoni.

Ramila akapiga magoti kwenye ngazi, akatambaa hatua moja, akamtoa mtoto kifuani. Mikono ikampokea. Kisha naye akavuka, halafu mimi.

Wapagazi na majirani waliuzima moto kwa ndoo kabla haujapanda juu. Jioni, Ramila akinywa chai ya tangawizi kwa Mama Zuhura, yule mama alinigeukia.

"Na nyie mafundi. Mmemfundisha maneno matatu, yote ya televisheni. Hata la kuombea maji hamkumpa?"

Mimi mwenyewe nilikuwa napanga Magomeni, na aliyelala upande wa pili wa ukuta wangu sikumjua jina. Usiku ule nilimgongea mlango.

Dishi nililirudisha wiki iliyofuata. Ramila hakuacha kuangalia ya kwao. Ila sasa Mama Zuhura alikaa naye kwenye mkeka, akiuliza, "Huyu mkwe mbona roho mbaya hivi?" Na miezi ilivyopita, Ramila akawa anamweleza kwa Kiswahili.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Ukifika huko, funga king'amuzi chako, wala usione haya kukumbuka kwenu. Lakini kabla hujakiwasha, gonga mlango wa kulia na wa kushoto. Taja jina lako, uliza lao. Jifunze salamu yao, na neno lao la moto, na neno lao la nisaidie. Haya hii yangu ya kuogopa watu usiirithi.

Nenda. Mungu akutangulie, akupe jirani ambaye mikono yake utaijua kabla moshi haujaja, na akurudishe kwetu mzima.