Matambara Kwenye Migunga

Uwesu wa Chang'ombe ana mdomo unaofika kabla ya bodaboda yake. Shule aliiacha darasa la tano, na mwenyewe husema ni shule iliyoshindwa kumfuata. Kazaliwa Kolo, kaoa Kolo, ila mwaka wa tisa huu anaishi Dodoma mjini, na kwao huenda sikukuu tu, kula.

Sasa Idi moja akakuta wanajeshi kijijini. Zamani jeshi lilipanga mambo ya adui mwenye bunduki. Siku hizi mvua inakata barabara, inabeba watu, na wanaoitwa ni haohao. Kwa hiyo Kapteni Zablon alitafuta pa kuweka ghala la mahema, unga na boti za mpira, ili wakiitwa wasianzie mbali.

"Nani anaijua tabia ya korongo hili?" akauliza, akionyesha mto mkavu wa mchanga kando ya kijiji.

"Afande, umefika!" Uwesu akajitokeza, kifua mbele. "Korongo hili limenilea. Maji yakipanda sana yanaishia pale kwenye jiwe. Weka ghala hapa, mimi nakupa kichwa changu."

Shemeji yake Tabu, mdogo wa mkewe, alikuwa anachota maji kwenye kisima cha mchangani. Akainuka na kata mkononi.

"Shemeji, tazama migunga ile. Matambara na majani makavu yamenasa kwenye miiba, usawa wa kifua changu. Maji ndiyo yaliyoyaacha, msimu uliopita."

Kila anayechota maji pale anajua kusoma miiba hiyo. Uwesu hakuitazama hata kidogo.

"Upepo huo! Afande, msamehe shemeji yangu. Huyu hata umande ukizidi anahama."

Watu wakaangua kicheko. Tabu akainama, akaendelea kuchota. Ghala likawekwa pale.

Wiki ya tatu baada ya hapo, saa nane mchana, jua kali, mvua ikanyesha huko vilimani. Korongo likashuka limejaa. Uwesu, aliyekwisha kurudi Dodoma, alisikia kwa simu, akaendesha pikipiki mpaka Kolo bila kupiga hadithi na mtu. Kufika, unga umekuwa uji, mahema hayaonekani, na boti za kuokolea watu zimeondoka zenyewe, tupu. Tabu na watoto wake wawili walikuwa wamekwama juu ya paa la nyumba yao. Askari waliwafuata kwa kamba, maji yakiwafika kifuani, na mmoja, Halfani, gogo likamvunja mguu.

Jioni Kapteni akakusanya watu. Nguo zake zilikuwa tope tupu.

"Kosa langu," akasema. "Nilipima vibaya. Ndivyo nitakavyowaambia wakubwa zangu."

Uwesu alikuwa nyuma kabisa, amejibanza ukutani. Tabu, kajifunga kanga ya kuazima, akamtazama mara moja, akaangalia pembeni. Angemtukana mbele ya watu wote, Uwesu angepata nafuu.

Pale pembeni Halfani alikuwa amelazwa kwenye turubai, anauma meno.

"Afande," Uwesu akasema. Sauti ilitoka nyembamba, watu wakageuka kuona ni nani. "Hukupima vibaya. Mimi nilikudanganya. Miaka tisa sijalitazama korongo hili. Shemeji alisema kweli, mimi nikamgeuza kichekesho."

Hakuna aliyecheka. Kapteni akamsogelea.

"Kesho tunatafuta pa kuhamia. Utanionyesha alama zote za maji?"

"Sizijui, afande. Muombe shemeji."

Asubuhi Tabu akatangulia na Kapteni, anamwonyesha mgunga mmoja baada ya mwingine. Ndoo yake aliiacha kisimani, imejaa. Uwesu akajitwika kichwani, yeye aliyezoea kusema hiyo ni kazi ya wanawake, akapita nayo mbele ya kijiwe walipokaa wenzake wa utotoni. Wakamuita kwa jina, wakangoja utani wake.

Maji yakammwagikia usoni. Akaishika ndoo vizuri, akaendelea kutembea.