Kiti Kilichobaki Tupu

Nilitoka Tunduma, nilikokuwa nikichomelea mageti, nikateremka kwa lori hadi Kyela, na kutoka hapo nikapanda meli. Siku mbili nilikumbatia kompyuta mpakato iliyofungwa kwenye khanga. Kila meli iliposimama mbele ya kijiji na mitumbwi ikaja kupakia watu na mihogo, nilihama upande ili maji yasirukie mzigo wangu. Karibu na Mbamba Bay, harufu ya usipa unaoanikwa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, ilinifikia kabla sijatambua paa hata moja. Miaka ishirini nilikuwa nimeizunguka nchi hii, na harufu hiyo sikuikuta kwingine.

Aliyeniita ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliyekuwa akiishi na mama yangu. Alikuwa ameomba shahada ya uzamili ya uchumi wa fedha katika chuo cha nje. Maelezo ya kuombea nafasi aliyaandika upya mara saba. Alimsumbua mwalimu wake wa zamani kwa simu mpaka mwalimu akatoa barua ya kumdhamini. Walioomba walikuwa wengi mno, walioitwa kwenye usaili wachache, na nafasi yenye ufadhili ilikuwa moja tu. Ufadhili ulikuwa na kikomo cha umri, na kwake huo ulikuwa mwaka wa mwisho.

"Mjomba," aliniambia kwenye simu, "maswali nitajibu mwenyewe. Wewe niletee kompyuta nzima, halafu unilindie mlango."

Mimi niliishia kidato cha nne. Kulinda mlango niliona naweza.

Tulifanya mazoezi siku tatu. Nilimsomea maswali kwa Kiingereza changu, nimekaza sauti.

"Mjomba, soma tu. Usijifanye profesa."

"Profesa gani anachekwa na mwanafunzi wake?"

"Huyu anayesoma kama anatangaza mnada."

Usaili uliangukia Alhamisi mchana. Mtandao ulishika vizuri chumba cha mbele tu, kinachofunguka moja kwa moja uani. Nilipita kwa majirani kuomba utulivu. Akina mama wa usipa walipunguza sauti, na jirani mwenye redio akaizima. Mama alikuwa Litembo, akimuuguza mdogo wake hospitalini. Tulimtarajia Jumamosi.

Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango. Ndani nilimsikia mpwa wangu akijibu, mwanzoni haraka kupita kiasi, kisha taratibu. Walikuwa wakimuuliza benki iliyowakopesha wakulima wa kahawa ifanye nini bei ikianguka. Kiingereza kilikuwa kikinipita, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. Hapo ndipo bodaboda ikaingia uani, na mama akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekaa mlangoni kama askari magereza? Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye usaili, mama. Subiri kidogo."

"Usaili gani huo wa kumzuia mtu kuingia nyumbani kwake? Nimetoka hospitali mimi. Hamtaki hata kujua mgonjwa yukoje?"

Nilisimama. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu, kuziba mlango. Mkono haukunyanyuka. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, niliyegombana na makuli na matingo wa malori, nikasogea pembeni mama yangu apite.

Mpwa wangu alikuwa katikati ya sentensi. Alimwona bibi yake, akanyamaza, akainuka. Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mzee akiwa kitini. Alipiga magoti sakafuni, akasema shikamoo, akapokea kikapu, akauliza habari za mgonjwa. Kwenye kioo cha kompyuta watu watatu walikuwa wakikitazama kiti kitupu. Mmoja wao alikuwa ameshika kalamu hewani.

Aliporudi kitini, sentensi ile hakuipata tena. Nilimsikia akiianza mara mbili.

Jioni aliniambia neno moja tu: "Bibi asijue."

Wiki sita tulisubiri. Mama aliuliza kila asubuhi, "Wamejibu?" na kila asubuhi mimi nikatafuta kazi uani. Barua pepe ilipokuja ilikuwa fupi: asante, nafasi amepewa mwingine. Sababu haikutajwa. Mama alilia, akawalaani wazungu wasiojua kuchagua, akaninyooshea kidole: "Na wewe uliyekuwa hapo, huoni wamemwonea?" Nikaitikia kwamba wamemwonea.

Uongo huo ndio ulionishinda. Sikuweza kula naye tena nikiwa na amani, na kumwambia ukweli sikuthubutu. Meli iliyofuata ilipofika, nilifunga begi. Mpwa wangu alinisindikiza hadi ufukweni.

"Ningebaki kitini, labda ningepata," alisema.

"Kosa langu. Mlango ulikuwa wangu."

"Mjomba, ungemzuia kweli?"

"Nisingeweza."

"Basi. Na mimi nisingeweza kukaa." Akanipa begi. "Ile kompyuta unaondoka nayo?"

"Nimeiacha mezani."

"Vizuri. Kuna chuo kingine hakiulizi umri. Mwisho wa kuomba ni mwezi ujao."

Nilipanda mtumbwi wa kunipeleka melini. Yeye hakungoja meli ing'oe nanga. Nilimwona akipanda mteremko haraka, kuelekea nyumbani. Mama alikuwa amebaki mlangoni, amekalia kigoda changu. Sijarudi tena.