Niliyeshindwa Kumsemea Edina

Niliondoka Msangano kwa sababu ya jicho la binti yangu, Edina. Lilikuwa limevimba, na mkono wa kushoto hauinuki. Edina ni kiziwi tangu utoto. Alama zake tulizitunga wawili jikoni kwangu, na mwingine anayezijua ni mumewe tu, ambaye ndiye aliyempiga. Tusipoeleweka polisi siku hiyo, Edina atarudi kwa mume huyo.

Alfajiri tulipanda bodaboda, yeye katikati. Roho ilikuwa juu juu. Kila pikipiki iliyotufuata niliidhani ya mkwe wangu.

Chitete tulipata gari la Tunduma. Mama mmoja alimsalimu Edina, asipojibiwa akasema wasichana wa siku hizi wana maringo. Mimi nilikuwa nawaza nitasema nini mbele ya askari.

Saa sita tulifika Tunduma, malori yamepanga foleni ya mpakani. Kituo cha polisi, askari wa dawati la jinsia, dada mpole, alisema mkalimani wa alama hayupo. Hata angekuwepo, alama zetu si za shuleni.

"Basi mama, utamsemea wewe."

Hapo nikakwama. Kwetu mama hazungumzi mambo ya mkwe. Nikikutana naye njiani nampisha, na jina lake silitaji. Edina alisimulia kwa mikono na uso mpaka jasho likamtoka. Mimi nikasema, "Waligombana kidogo."

Askari aliweka kalamu mezani. "Mama, mwanao ameeleza dakika tano nzima. Hayo ndiyo yote?"

Edina alinitazama midomo, akaelewa. Akaingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilimshika bega, nikamwomba aanze upya. Safari hii nilitaja jina la mkwe, nikataja mpini wa jembe na mlango alioufunga kwa kufuli. Sikupunguza kitu. Tukapewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, tukaenda hospitali, tukalala kwa ndugu yangu.

Kesho yake tulirudi Msangano, Edina aje kukaa kwangu. Nimejifunza kwamba anayemsemea mwenzake hana ruhusa ya kuchagua maneno. Bado naogopa. Karibu na nyumbani mkwe alikuwa anakuja kwa miguu, polisi walikuwa hawajamfikia. Tulishuka kwenye pikipiki. Miguu yangu ilitaka kwenda pembeni, kama ilivyozoea. Nikasimama katikati ya njia, Edina nyuma yangu, mpaka akapisha yeye.